Chaki ya Kageha

Alirudi Luanda na mfuko mmoja,
ndani yake saa ya kubonyeza, chaki, daftari la miraba.
Miaka sita kwenye kiwanda cha mikate Kisumu
ilikuwa imemfundisha kutazama miguu ya watu.
Siku tatu hakusema neno. Alikalia kopo la vanishi
akaihesabu yangu.

Jioni ya tatu akasoma:
"Omutiti, leo umekwenda hatua elfu mbili mia nne
kutafuta nyundo iliyokuwa mfukoni mwa Adagala."
Tukacheka. Adagala hakucheka.

Kegode, mjomba wake, mwenye karakana,
akasema hii si mikate.
Hapa tunaunda majeneza, binti yangu,
na wateja wetu hawajawahi kulalamika.

Kageha akachukua chaki.
Akaiegemeza nyundo ukutani, akaizungushia mstari.
Randa, mstari. Patasi tatu, kama watoto kwenye picha ya shule.
Msumeno mkubwa, msumeno mdogo.
Kufikia saa nne ukuta ulijaa vivuli vyeupe,
na kivuli kisicho na mwili
kilimtaja mwizi wake bila kufungua mdomo.

Benchi likasogezwa. Mbao zikaja karibu na msumeno,
msumeno karibu na randa, randa karibu na gundi,
kazi ikashuka kama maji yanayoujua mteremko.
Nilichokuwa nikikimaliza kwa siku mbili na nusu
kikatoka kwa siku moja,
na mgongo wangu ukanikumbusha kwamba bado ni wangu.

Vipande vya saiprasi tulivyokuwa tukichemshia chai
vikawa vigoda.
Maranda yakaenda kwa Berita, wakalalia vifaranga.

Lakini nyuma, chini ya turubai, yalikuwepo kumi na tisa,
yaliyoundwa msimu wa mvua, kabla ya yeyote kuyaagiza,
kwa sababu Kegode hapendi mikono ikae bure.
Mchwa walikuwa wameshaonja mawili.
Kageha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
"Haya yanamngoja nani?"

Nilijua jibu, nikaangalia viatu vyangu.
Kila asubuhi nilipofungua lango
nilikuwa nikitazama barabara, juu na chini,
na moyoni, Mungu anisamehe, nikiomba biashara.

Akasema kuunda kabla ya kuitwa
ni pesa iliyolala, mbao iliyolala, nafasi iliyolala.
Akasita.
Akasema tena, si kwa lugha ya kiwandani:
ni kukaa mlangoni mwa watu.

Tukayafumua. Mbao zikawa vitanda, zikawa makabati.
Kuna mwalimu kule Esiandumba
ambaye vitabu vyake vimelala mahali pa mtu,
naye hajui, wala sitamwambia.

Yakabaki manne. Manne madogo.
Adagala aliinua moja kwa mkono mmoja,
akalirudisha chini kana kwamba lilimchoma.
Kegode akatutuma sote kwenye chai.
Kutoka kibandani tuliisikia nyundo,
si upande wa kupiga, ule upande wa kung'oa,
muda mrefu.

Tuliporudi, mbao zilikuwa zimepangwa kwa urefu,
misumari imenyooshwa mmoja mmoja ndani ya kopo,
na nyundo ndani ya kivuli chake.

Sasa kuna ubao karibu na lango:
kilichoagizwa, kilicho mkononi, kilichotoka.
Mstari mmoja tu kila safu, na siku nyingine
safu zote ni tupu, nasi tunafagia,
tunanoa patasi, tunatengeneza vigoda,
na Kegode ameanza kuzoea kuiita hiyo siku njema.

Akija mtu kuagiza dogo
tunaacha yote. Hakuna anayetuma mwenzake.
Mmoja anakata, mmoja analainisha kwa msasa,
nami napigilia kitambaa, polepole, hata kona za ndani.

Kageha huiweka saa yake kifudifudi juu ya benchi.